Nafasi ya Muthoni

Mwanamuziki ameketi kwenye kiti kirefu katika kona ya baa mjini Embu, gitaa mapajani. Hana mpiga besi, hana waitikiaji. Pembeni yake kuna kinanda kidogo kinachotoa mdundo usiochoka, na mbele yake kuna watu wanaoagiza nyimbo kwa sauti ileile wanayoagizia nyama choma: mmoja anamtaka Joseph Kamaru, mwingine Queen Jane, wa tatu anasema DK na kila mtu anajua ni Daniel Kamau. Kabla ya usiku kukatika, atakuwa ameimba nyimbo za bendi kumi, na zote kumi atakuwa amezibeba peke yake.

Huu ndio mugithi. Neno lenyewe ni la Kikuyu, maana yake garimoshi, kwa kuwa wachezaji hujipanga mstari mmoja kama mabehewa na kuzunguka ukumbi. Ulishika kasi katika miaka ya 1990, na waimbaji kama Mike Rua na Salim Junior wakajijengea jina kwa kuimba upya vibao vya waliowatangulia. Tangu hapo umepanda mlima, ukapita Embu na kufika Meru, ambako unaweza kuusikia Ijumaa usiku bila kuutafuta.

Wapo wanaoudharau. Husema kwamba kuimba wimbo wa mwenzako ni kazi ya kasuku, na hukumbusha methali ile ya anayeiga tembo, ambayo mwisho wake hatuutaji mbele ya watoto. Mimi huwa nawaomba watazame mikono.

Tuanze na kilichokuwamo ndani ya wimbo wa asili. Benga ilizaliwa kwa Waluo, gitaa lilipojifunza kusema kama nyatiti, ala yao ya nyuzi. Kufikia miaka ya 1970 Wakikuyu, Wakamba na Wameru walikuwa wameichukua, kila mmoja akaitia lahaja yake. Ndani yake kuna gitaa la solo linalomjibu mwimbaji, likirudia alichosema kana kwamba halikumwamini. Kuna gitaa la rithimu linaloshona katikati, na besi inayotembea kwa hatua nzito. Kisha huja mahali ambapo sauti hunyamaza na magitaa yote hupanda pamoja, na hapo ndipo watu huacha viti. Kazi hiyo ilitaka watu watatu kwenye magitaa, achilia mbali dramu.

Sasa mwangalie mtu wetu wa Embu. Kidole gumba kinapiga nyuzi nene za juu. Hiyo ndiyo besi. Vidole vingine vinagusa nyuzi nyembamba. Humo mna rithimu. Mwimbaji anapovuta pumzi mwishoni mwa mstari, vidole hivyohivyo vinaacha rithimu, vinatoa jibu la solo la noti nne au tano, kisha vinarudi kazini kabla hujagundua kwamba rithimu ilikuwa imetoweka. Kwa muda huo mfupi hakuna aliyekuwa akiipiga. Sikio lako ndilo lililoendelea nayo.

Siri ya ufundi huu naiona hapo. Mtu mmoja hawezi kuwa watu watano, na anayejaribu huishia kupiga kelele. Fundi huchagua. Hujua ni noti ipi ya besi ikikosekana wimbo utaanguka, na ni zipi ambazo msikilizaji tayari anazo kichwani. Huzipiga za kwanza na kuziacha za pili. Kumbukumbu ya ukumbi ndiyo bendi yake.

Kabla ya kufika hapo huwa amesikiliza sana. Nyimbo nyingi za enzi hizo zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo upande mmoja haukumeza zaidi ya dakika chache. Wimbo mrefu ulikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule, na katikati sauti ikafifia ili mwenye santuri ainuke kuigeuza. Anayeurudia wimbo huo leo lazima aamue jinsi ya kuunga mahali palipokatwa. Wengine huruka moja kwa moja. Walio makini hutunga daraja dogo la gitaa, mizunguko miwili mitatu, linalosikika kana kwamba lilikuwapo tangu mwanzo. Hakuna atakayewasifu kwa daraja hilo, kwa sababu likitengenezwa vizuri halionekani.

Halafu kuna suala la kulandanisha nyuzi. Katika rekodi kongwe, kasi ya tepu ikipungua au kuzidi kidogo, wimbo mzima huhama na kuangukia kati ya funguo mbili za kinanda. Anayejifunza kutoka kwenye rekodi hulegeza au kukaza nyuzi zake zote mpaka zikutane na za mpigaji wa rekodi. Akishaupata wimbo, ndipo huurudisha kwenye ufunguo unaolifaa koo lake.

Ukivuka mto Thuci kutoka Embu, ukapita Chuka na kuzimaliza kona za barabara ya Meru, kazi inaongezeka. Kiembu na Kikuyu ni majirani wa karibu. Mtu huitwa mundu huku na huku. Kwa Wameru huyo mundu ni muntu. Lugha hizi zina vokali saba, si tano kama Kiswahili, na zina toni: sauti ikipanda mahali pa kushuka, neno linaweza kugeuka maana. Kwa hiyo muziki wa Kamaru umefuata kwa kiasi kikubwa milima na mabonde ya Kikuyu. Mwimbaji wa Meru anayeutaka hujifunza kupanda milima ya watu wengine. Akiamua kuutafsiri, maneno ya Kimeru yatataka milima yao, na gitaa litalazimika kusogea kidogo ili kuyapisha.

Studio ni mtihani wa aina nyingine. Pale hakuna ukumbi wa kujaza mapengo. Ukiacha nafasi, inabaki tupu. Ndiyo maana albamu ya kuwaenzi wakongwe ni kazi ngumu kuliko usiku mmoja wa mugithi. Them Mushrooms, vijana wa Pwani waliotupa "Jambo Bwana", walipotaka kuzifufua nyimbo za Fundi Konde, walimwendea mzee mwenyewe wakafanya kazi naye, akapata wasikilizaji wapya kabla ya kufariki mwaka 2000. Mjukuu wa Kamaru, anayetumia jina la KMRU na anayejulikana duniani kwa muziki wa sauti za mazingira, alichukua njia nyingine: baada ya babu yake kufariki mwaka 2018, hakuziimba upya nyimbo zake, alizitoa tena zenyewe. Hizo ni njia mbili za heshima. Ya tatu, ambayo mugithi bado unajifunza, ni kumlipa mtunzi au familia yake haki yake.

Hapo Chuka, katikati ya safari yetu, kuna wapigaji ambao swali la kuiga huenda lingewachekesha. Ngoma zao ni ndefu. Mpigaji huibana katikati ya mapaja, ikainama kwenda mbele, na kucheza nayo. Hakuna anayeuliza mdundo huo ulitungwa na nani, wala anayedai kwamba kijana anayeupiga leo anamwiga babu. Wanasema anapiga ngoma, basi.

Turudi Embu, maana saa zimekwenda na mtu ameomba moja ya zile nyimbo ambazo Kamaru aliimba na dada yake, Catherine Muthoni. Hizo zina sauti mbili: kaka husema, dada hujibu. Fundi wetu ana koo moja. Angeweza kuibana sauti yake iwe nyembamba, na wapo wanaofanya hivyo, ukumbi ukacheka. Huyu anaimba mstari wa Kamaru hadi mwisho, anaacha gumba liendelee kutembea kwenye nyuzi nene, kisha anafunga mdomo na kuondoa uso kwenye maikrofoni.

Kutoka meza za nyuma, wanawake wanauimba mstari wa Muthoni. Baadhi yao hawakuwa wamezaliwa santuri hiyo ilipotoka. Wanauimba wote, kwa toni zake, na kuumaliza pale hasa ambapo gitaa lilikuwa linawangoja.