Nauli ya Roma, Hesabu ya Ndanai

Ushauri mwingi kuhusu nauli nafuu za ndege umeandikwa kwa ajili ya mtu wa Manchester au Munich. Anaona tiketi ya bei ya chini ya kwenda Lisbon, anailipia hapo hapo, na Ijumaa jioni amepanda ndege na begi lake dogo. Haombi viza, hapeleki taarifa ya benki kwa mtu yeyote, na uwanja wa ndege uko mwendo wa treni kutoka kwake. Mtu wa Ndanai, huku Bomet, akiufuata ushauri huo kama ulivyo, atapoteza pesa. Ushauri wenyewe si wa uongo, ila hatua ambayo kwa yule ni ya kwanza, kwetu ni ya mwisho.

Novemba 2025 mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Ndanai na mkewe, anayeshughulika na chai na ng'ombe wa maziwa, walikwenda Roma, wakalala usiku nne, wakarudi. Hawana jamaa Ulaya wala hawakuwa kwenye msafara wa parokia. Safari yao inafaa kuchambuliwa kwa sababu ya mpangilio wake: nini kilitangulia na nini kilisubirishwa. Unafuu wa tiketi yao ulitokana na mpangilio huo, na kutafuta mtandaoni kulichangia sehemu ndogo tu.

Walianza na kalenda. Nauli kati ya Nairobi na Ulaya hupanda na kushuka kwa kufuata watu wanaoelekea upande gani. Julai na Agosti Wazungu wanakuja kuona nyumbu wakivuka Mto Mara, si mbali na huku kwetu, na mwishoni mwa Agosti ndege zinawarudisha zikiwa zimejaa. Katikati ya Desemba ni zamu ya Wakenya wanaoishi Ulaya kuja nyumbani kwa Krismasi. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Ndege inayotoka Nairobi tarehe 18 Desemba ina viti vingi vitupu, kwa hiyo nauli ya kwenda ni ya chini, lakini ya kurudi wiki ya kwanza ya Januari ni kali, kwa sababu Wakenya wale wale wanarejea kazini. Tiketi ya kwenda na kurudi huhesabu pande zote mbili.

Kipindi kizuri kwa anayeanzia Kenya ni Novemba hadi wiki ya kwanza ya Desemba, na tena kuanzia katikati ya Januari hadi Machi, ili mradi Pasaka isije mapema. Kwa bahati, likizo ndefu ya shule zetu huanza baada ya muhula wa tatu kufungwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba ikianza. Mwalimu wa Kenya anapata nafasi wakati ule ule Ulaya inapotafuta wageni. Sijui kwa nini mawakala wa Nairobi hawalitangazi jambo hili kwa walimu.

Idadi ya usiku iliamuliwa na ng'ombe. Kijana wa kukamua alipatikana, ila mkewe mwalimu alisema hatamwachia zizi zaidi ya wiki moja, na hapo hesabu ikafungwa: usiku nne mjini, na usiku mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi ndani ya ndege. Kwa safari ya mji mmoja, huo ni muda wa kutosha.

Sasa viza, ambayo ndiyo kiini cha jambo lote. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen, ile inayotumika Italia na nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi ukikataliwa. Ombi linaruhusiwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisipungue siku 15 kabla. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Unahitaji bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, ambayo kampuni za bima za Nairobi zinaiuza. Na unahitaji kuonyesha safari iliyopangwa. Angalia vizuri neno hilo: iliyopangwa. Kinachotakiwa ni buking ya ndege, na balozi zenyewe hushauri mtu asilipe tiketi kabla viza haijatoka. Tiketi ya bei ya chini kabisa aghalabu ndiyo ile isiyorudishwa pesa. Ukiinunua kwanza ili kuwahi bei, umeweka dau juu ya uamuzi wa ofisa ambaye hujawahi kumwona.

Walichofanya ni kwenda kwa wakala wa usafiri, wakapewa buking iliyoshikiliwa bila kulipiwa, na hoteli wakachukua ile inayoruhusu kughairi. Wakala aliuliza swali lililo sahihi: "Mwalimu, niishike mpaka lini?" Buking ya namna hiyo ina saa yake ya mwisho, ikipita inajifuta. Inatosha kwa kuwasilisha ombi, na baada ya viza unatafuta bei upya.

Ombi hudai pia taarifa ya benki, na hapo ndipo wakulima wa Kericho na Bomet huanguka. Pesa ya chai huingia kwa namna mbili: malipo madogo ya kila mwezi kwa kilo za majani, kisha bonasi, ambayo viwanda vya KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, hulipa karibu na Oktoba. Mtu akingoja bonasi ndipo aombe viza, taarifa yake inaonyesha akaunti iliyolala miezi mingi, kisha ghafla pesa nyingi zinaingia wiki mbili kabla ya ombi. Ofisa asiyejua bonasi ni nini anaona mtu aliyekopa kwa ndugu ili akaunti ipendeze. Na wapo wanaokopa kweli, ndiyo maana ofisa ana shaka.

Hawa wawili waliomba mwishoni mwa Agosti, bila bonasi. Taarifa zao zilionyesha mshahara wa TSC, tume inayoajiri walimu, ukiingia kila mwezi, malipo ya maziwa, malipo ya majani, na akiba ya sacco iliyopanda polepole. Ile bonasi ya mwaka uliotangulia waliiambatanishia stakabadhi ya kiwanda, pamoja na barua fupi inayoeleza kwamba pesa hiyo huja mara moja kwa mwaka. Nakala ya hati ya shamba iliwekwa, na barua ya shule inayotaja tarehe ya kurudi kazini. Hakuna kiasi kikubwa hata kimoja kwenye karatasi zile. Kilichoonekana ni maisha ambayo mtu hana sababu ya kuyaacha.

Uamuzi wa kutotegemea bonasi ulikuwa na faida nyingine. Ile ya 2025 iliwavunja moyo wakulima wengi wa upande huu wa Bonde la Ufa, na malalamiko yalisikika Bomet na Kericho kote. Aliyekuwa ameipangia nauli alibaki nyumbani.

Viza zilipotoka ndipo bei zikatafutwa kwa dhati, na sasa ushauri wa mtu wa Manchester ukaanza kufaa. Kwanza, kwa nini Roma na si London? Uingereza haimo Schengen, ina viza yake, ambayo Aprili 2025 iliwekwa pauni 127. Isitoshe, serikali ya huko hutoza kodi ya abiria kwa kila anayeondoka: kwa umbali kama wa Nairobi, kuanzia Aprili 2025, ilikuwa pauni 90 kwenye daraja la kawaida. Kodi hiyo imo ndani ya tiketi yako hata kama nauli yenyewe ni ndogo. Kenya nayo hutoza ada ya abiria ya dola 50 kwa safari ya nje, lakini hiyo haikwepeki popote uendako. London ilitoka kwenye orodha mapema.

Kwa ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi, Ulaya ni miji michache: London, Paris, Amsterdam, Frankfurt, na Brussels iliyorudi Juni 2024. Kwingine kote unabadilisha ndege Addis Ababa, Cairo, Istanbul, Doha au Dubai, na mashirika ya huko hugombania abiria wa Nairobi kwa kushusha bei. Mji usio na ndege ya moja kwa moja lakini unaofikiwa na hayo yote ndio mara nyingi wenye nauli nzuri. Roma ni mji wa aina hiyo.

Walichagua Addis, na saa zilikuwa na uzito kuliko bei. Ndege za shirika la Ethiopian za kwenda Ulaya huondoka Addis kwa wingi karibu na usiku wa manane, kwa hiyo unatoka Nairobi jioni. Mtu akiondoka Ndanai alfajiri, akashika matatu Sotik na kupita Bomet, Narok na Mai Mahiu, anafika Nairobi mchana akiwa na saa kadhaa za akiba. Novemba mvua za vuli zinanyesha na barabara ile ina visa vyake, basi akiba hiyo si anasa. Wakati wa kurudi, ndege ya usiku kutoka Roma inakufikisha Addis asubuhi, na Nairobi ungali na mchana wa kurudia nyumbani. Linganisha na ndege za moja kwa moja, ambazo zikitoka Ulaya aghalabu hutua Nairobi usiku: utalala mjini, utalipa chumba na teksi. Nauli iliyoonekana nafuu kwa mtu wa Kilimani, Nairobi, inakuwa ghali kwa mtu wa Ndanai. Kisumu iko karibu zaidi na Sotik, lakini kuongeza safari ya ndege ya ndani kulikula unafuu wote.

Kuna jambo lingine kuhusu Addis ambalo matangazo hayalitaji. Mkenya haombi viza kuingia Ethiopia. Ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, unaweza kutoka uwanjani ukalala hotelini. Na kwa kuwa safari yote iko kwenye tiketi moja, ni wajibu wa shirika kukutafutia ndege nyingine. Anayeunganisha mwenyewe tiketi mbili za mashirika mawili tofauti hana ulinzi huo.

Hila iliyowaokoa pesa nyingi ilikuwa ndogo mno. Ndani ya ndege daraja la kawaida ni chumba kimoja, lakini kwenye kompyuta limegawanywa mafungu ya bei, kila fungu na herufi yake. Fungu la chini lina viti vichache. Vikiisha, bei inaruka hadi la juu yake. Ukitafuta viti viwili kwa pamoja wakati fungu la chini limebakiza kimoja, mfumo kwa kawaida hauchanganyi: abiria wote wawili wanapewa bei ya fungu la juu. Mwalimu alitafuta kwa watu wawili, kisha kwa mtu mmoja, na bei ya mmoja ikawa chini. Wakanunua tiketi mbili mbalimbali, na wakala akaziunganisha kwa maelezo ili ndege ikifutwa wasihamishwe kila mtu kivyake. Hiyo ina maana kubwa kuliko hadithi za kununua Jumanne usiku au kufuta kumbukumbu za kivinjari, ambazo sijaona ushahidi wake.

Nauli za kutoka Nairobi hupangwa kwa dola, hata ukilipa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikaribia shilingi 160, kisha ikashuka hadi karibu 129. Tiketi ya dola 600, tuseme, ilikuwa shilingi 96,000 wakati ule na 77,400 baadaye, bila shirika kupunguza hata senti. Kulipa si tatizo tena: kikomo cha M-Pesa kwa muamala mmoja kilipandishwa hadi shilingi 250,000 mwaka 2023.

Walivutiwa pia kuongeza Paris kwa shirika la bei ya chini kama Ryanair. Nauli ilikuwa ya kuchekesha. Lakini uwanja wa Beauvais, unaouzwa kwa jina la Paris, uko karibu kilomita 80 kutoka mjini, na begi linalozidi kipimo hulipiwa kwa bei inayoweza kuzidi tiketi. Abiria asiye wa Ulaya hutakiwa pia kukaguliwa hati zake kaunta kabla ya kupita usalama. Kwa usiku nne, Roma peke yake ilitosha.

Mjini hesabu ilikuwa rahisi. Treni ya Leonardo Express kutoka uwanja wa Fiumicino hadi kituo cha Termini ni euro 14. Ile ya kawaida ya FL1 ni euro 8, inasimama Trastevere na Tiburtina, na hoteli ilichaguliwa karibu na reli hiyo. Jiji hutoza kodi ya wageni kwa kila mtu kila usiku, inayolipwa hotelini na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona. Mwaka 2025 ulikuwa Mwaka wa Jubilei wa Kanisa Katoliki, kwa hiyo vyumba havikushuka bei kama Novemba nyingine. Hapo walilipa zaidi, na hakukuwa na njia. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure. Iliwapita, kwa kuwa walifuata nauli ya katikati ya wiki, wakalipa euro 18 Colosseum. Basilika la Mtakatifu Petro halina kiingilio, na Jumatano Papa huwa na mkutano wa hadhara usiolipiwa.

Mwalimu alitaka pia kuona Stadio Olimpico, ambako Nyandika Maiyoro, jirani yetu wa Kisii, alimaliza wa sita katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya 1960. Basi la mjini kwenda huko ni euro 1.50, na tiketi inadumu dakika 100.

Alama za vidole walizotoa kwa ajili ya viza zinaweza kutumika tena kwa miezi 59. Mkewe ameshaanza kuuliza kuhusu Vienna, na kijana wa kukamua ameambiwa ajiandae kwa Februari, kama mwalimu atapata ruhusa ya kutoka shuleni.