Kuhakiki Riwaya Iliyosimuliwa Upya: Dada Wawili wa Jane Austen

Mtahiniwa akitakiwa kulinganisha riwaya kongwe na kazi iliyochipuka kutokana nayo, mara nyingi huorodhesha majina tu: huyu ndiye yule, na hapa ndipo pale. Orodha si uhakiki. Swali la msingi ni hili: katika riwaya asilia, ni nguvu gani iliyowabana wahusika, na katika kazi mpya nafasi yake imechukuliwa na nini?

Tutazame Sense and Sensibility, riwaya ya Jane Austen ya 1811. Elinor ni mtulivu. Marianne ni mwenye jazba. Wengi wetu hufunza kwamba dhamira ni mvutano wa busara na hisia. Ni kweli, lakini mvutano huo umejengwa juu ya pesa. Baba anapofariki, Norland inamwendea John, kaka yao wa mama mwingine, ambaye ameahidi kuwafaa. Anawaza kuwapa dada zake watatu pauni 3,000. Mkewe, Fanny, analipunguza fungu hilo hoja kwa hoja, hata wanabakiziwa msaada wa kuhama na samaki wa msimu. Kinaya hicho kinabeba riwaya nzima: mabinti wa tabaka lao hawakuwa na kazi ya heshima ya kuwakimu, hivyo ndoa ilikuwa riziki.

Rajiv Menon alilielewa jambo hili katika filamu ya Kitamil, Kandukondain Kandukondain (2000). Wosia wa babu unawapokonya Sowmya na Meenakshi nyumba. Wanahamia Chennai, na Sowmya anatafuta kazi: anaanza kwa kupokea simu, anafikia kuandika programu za kompyuta. Utulivu ambao kwa Elinor ulikuwa subira ya kimyakimya, hapa umekuwa uchapakazi. Msuko ni ule ule, maana imesogea.

Joanna Trollope, katika riwaya yake ya 2013 yenye anwani ile ile, alibakiza Uingereza na majina. Mama hakuwa amefunga ndoa rasmi, ndipo urithi ukamponyoka. Sababu hiyo inaaminika. Hata hivyo, Elinor huyu, aliyekuwa akisomea usanifu wa majengo, ana njia za kujikimu zisizopitia kwa mume. Kwa hivyo kila matukio yanapofuata nyayo za Austen, taharuki ya ndoa hupungua uzito.

Mwalimu mwenzangu, jaribu zoezi hili darasani: wanafunzi waihamishie hadithi hii Kenya. Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia, ilhali wapo mabinti wanaofukuzwa kwenye shamba la baba yao matanga yakiisha. Nani atakuwa Fanny? Atasema nini katika kikao cha jamaa, na nani atanyamaza? Atakayejibu hayo ameielewa riwaya ya Austen kuliko aliyekariri majina.