Kiumbe Apendaye Moto: Jini, Linani na Tatizo la Kubuni

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo kwa juu juu laonekana dogo: mtunzi abunipo kiumbe asiyepata kuonekana na mtu, je, hulazimika kufuata sheria zipi? Swali hili limetujia kutokana na mswada wa mwanafunzi mmoja wa fasihi hapa Kakamega. Mswada huo, ambao haujachapishwa, unaeleza kwa mtindo wa kitabu cha elimu ya viumbe habari za jamii ya viumbe wadogo wenye mabawa, wakaao katikati ya Msitu wa Kakamega na kupenda moto. Viumbe hao huzaliana katika majivu, hula cheche, na hufa masika yanapoanza. Mtunzi amewaita "majini wadogo," na katika dibaji amedai kuwa hao ndio amanani wa hadithi za Waluhya.

Kabla ya kuendelea, sharti tukiri kosa letu. Tuliposahihisha mswada huo mara ya kwanza, dibaji hiyo tuliipitisha bila neno. Kwa muda mrefu tumekuwa tukifundisha kwamba linani kwa Kiswahili ni "zimwi au jini," tukidhani kuwa twawarahisishia wanafunzi kazi. Basi makala haya ni jaribio la kuusahihisha usahihishaji wenyewe.

2. Moto kama asili na moto kama makao

Neno jini limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, pamoja na itikadi za Kiislamu. Sura ya Ar-Rahman, aya ya 14 na ya 15, yaeleza kuumbwa kwa mwanadamu kutokana na udongo na kuumbwa kwa majini kutokana na moto. Lakini ifahamike kuwa hapo pametajwa asili, wala hapakutajwa tabia. Mwanadamu ameumbwa kwa udongo, lakini hakai chini ya ardhi wala hafanyi udongo kuwa chakula chake. Vivyo hivyo, majini wa hadithi za pwani aghalabu hukaa baharini, katika magofu, mapangoni au katika mibuyu. Huoa, hutawala na huwa na dini zao. Mwanafunzi wetu amekuta habari ya asili akaigeuza kuwa habari ya makao na mlo.

Ama linani ni kiumbe wa namna nyingine kabisa. Sifa yake kuu ni njaa: yeye ni mla watu. Tena tukumbuke mahali hadithi zake zilipozoea kusimuliwa, yaani nyumbani mwa bibi, jioni, kando ya meko. Moto ulikuwa upande wa wasikilizaji. Linani alikuwa nje gizani. Kumfanya linani apende moto ni kumvusha kizingiti na kumkalisha pamoja na watoto. Mtunzi ana haki ya kufanya hivyo, na pengine ingekuwa hadithi ya kutisha kweli kweli. Lakini ni lazima ajue kuwa amevuka mpaka, na katika mswada huu hatuoni dalili kuwa amejua.

3. Ushahidi wa ngeli

Kosa letu sisi walimu lilitokana kwa sehemu na sarufi. Linani/amanani, zimwi/mazimwi, jini/majini: majina yote matatu yana wingi wenye ma-, na mfanano huo hushawishi kuyasawazisha. Kumbe ngeli hiyo hiyo ndiyo itumikayo kukuza vitu: mtu akawa jitu, nyoka akawa joka. Msimulizi asemapo "zimwi lilikuja" hamwoni kiumbe yule yule aonwaye na asemaye "zimwi alikuja." Wa kwanza ameona kitu kikubwa cha kuogofya, wa pili ameona mhusika mwenye nia na maneno. Uchaguzi wa upatanisho ni sehemu ya hadithi.

Kwa hiyo "majini wadogo" ni jina linalovutana lenyewe kwa lenyewe. Kiswahili kina njia yake ya kuwataja viumbe wadogo warukao: kipepeo na kimulimuli ni mifano iliyo mikononi mwetu. Mtunzi angaliitazama ngeli ya ki-/vi-, angalipata jina lenye udogo ndani yake bila kuhitaji kivumishi.

4. Kipimo cha Nunda

Huenda msomaji akauliza: je, si upuuzi kudai ukweli katika jambo la kubuni? Jibu limo katika hadithi ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales mwaka 1870. Nunda, mla watu, haanguki kutoka mbinguni. Alikuwa paka wa Sultani. Akaanza kula mifugo, Sultani akamwachia. Mwisho akala watu. Kijana anayemwinda huua mnyama mmoja baada ya mwingine, akiwamo punda milia, twiga na tembo, na kila mara mama yake humwambia kuwa huyo siye. Msikilizaji humsadiki Nunda kwa sababu wanyama anaowajua wamepangwa mmoja mmoja mpaka wakamfikisha kwa asiyemjua. Tena asili ya Nunda ndiyo maudhui ya hadithi: ameumbwa na uzembe wa mtawala.

5. Mswada na msitu

Kwa kipimo hicho, ukurasa bora wa mswada ni ule usemao kuwa viumbe hao huruka kuelekea taa mvua inapokatika, wakaangusha mabawa. Hapa mtunzi ametazama kumbikumbi, na kila mtoto wa Kakamega atamsadiki. Cheche za kuliwa, kwa upande mwingine, hazina mzizi popote.

Lakini kasoro kubwa ni makao. Msitu wa Kakamega ni msitu wa mvua, nao hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Katikati yake hapawaki kwa urahisi. Moto huko hupatikana pembezoni: katika nyasi za mbuga ndogo wakati wa kiangazi, katika mashamba yanayofyekwa, na katika matanuri ya wachoma makaa. Yaani moto wa Kakamega kwa sehemu kubwa ni moto wa watu, na uchomaji makaa ni mojawapo ya mambo yaliyoupunguza msitu huo. Basi kiumbe akaaye msituni na kupenda moto hupenda kitu kile kile kinachoyaangamiza makao yake. Hilo ndilo jambo zito la mswada huu, nalo limefichama humo bila mtunzi kuligusa.

6. Hitimisho

Tumemrudishia mwanafunzi mswada wake pamoja na maombi matatu: aiondoe dibaji, awatafutie viumbe wake jina jipya, na awahamishie ukingoni mwa msitu, karibu na tanuri la makaa. Nasi kwa upande wetu tumefuta katika maandishi yetu ya kufundishia ule mstari usemao "linani: zimwi au jini." Zimwi tumelibakiza kama neno la karibu, pamoja na maelezo. Jini tumemwondoa, na linani tumemwacha na jina lake.