Ulinganishi wa Sifa na Ufundishaji wa Kiingereza

Edward Steere, katika mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja uliotoka mwaka 1870, alikiri kwamba sifa za Kiswahili hazina madaraja ya ulinganishi kama zilivyo za Kiingereza. Hakulazimisha jedwali. Alimweleza msomaji wake Mwingereza asili ya neno kuliko, yaani mahali palipo na kitu: viwili huwekwa pamoja, na kimoja hudhihirika kwa sifa inayotajwa. Hivyo mgeni alionyeshwa mlango wa kuingilia.

Msemaji wa Kiswahili anayejifunza Kiingereza, kwa upande wake, mara nyingi hukabidhiwa safu tatu, big, bigger, biggest, na kuambiwa azikariri. Kanuni zenyewe ni sahihi: kwa jumla neno fupi huongezwa kiambishi mwishoni, neno refu hutanguliwa na more au most, na machache kama good hubadilika kabisa. Lakini kanuni sahihi bado si maelezo.

La kutazamwa ni kwamba kivumishi cha Kiswahili hufanya kazi yake mwanzoni. Katika mlima mrefu na kilima kirefu, kiambishi hufuata ngeli ya nomino, wala hakisemi lolote juu ya kadiri. Kadiri huchukuliwa na neno jingine, pengine kitenzi: Kilimanjaro unaushinda Mlima Kenya kwa urefu, au unaupita, au unauzidi. Tena, bora zaidi ni Kiswahili safi. Basi mwanafunzi anapoandika more better hakubuni upuuzi. Ameiweka zaidi kando ya neno analolihesabu kuwa sifa tupu, asijue kwamba better imekwisha kuibeba zaidi ndani yake. Na anapoandika the tallest than all, kuliko wote ndiyo iliyojificha katika Kiingereza chake.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba kurudufu ulinganishi hakukuwa aibu kwa Waingereza siku zote. Shakespeare alifanya hivyo katika Julius Caesar, tamthilia ambayo Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Robert Lowth alikuwa miongoni mwa walioshutumu desturi hiyo, katika sarufi yake ya mwaka 1762. Kosa hili, basi, lina historia. Si ushahidi wa uzito wa akili.

Haina maana kwamba kosa liachwe, kwani mtahini hatalisamehe. Linalodaiwa ni mpangilio: mwanafunzi aonyeshwe kwanza namna lugha yake inavyolinganisha, kisha aonyeshwe mahali Kiingereza kinapoificha kadiri, ndipo jedwali lifuate. Kazi hiyo yamhitaji mwalimu wa Kiingereza aliyesoma sarufi ya Kiswahili kwa makini. Asiyeijua atalipiga kosa lile lile mstari mwekundu muhula baada ya muhula, na mwanafunzi hatajua amekosea nini.