Dakika Nzima

Tabibu huyu hana haraka ya kumgusa mtoto. Humwambia mama aketi kwenye benchi lililo kando ya dirisha, mtoto mapajani, kisha humwomba kwa sauti ya chini, "Mama, fungua khanga kidogo, usimwamshe." Huvua saa ya mkononi na kuishika karibu na kifua cha mtoto, ili macho yake yaone mshale wa sekunde na mbavu kwa wakati mmoja. Nje ya zahanati bodaboda inawashwa, mtu anacheka, jogoo anawika saa isiyo yake. Yeye hana habari. Anahesabu pumzi.

Nilikaa naye siku tatu kwenye vilima vya Tarime, mwezi Julai, wakati baridi ya usiku inapowafanya watu wazibe kila tundu la nyumba na kulala na moshi wa mafiga. Umri wake umevuka hamsini. Wagonjwa humwita daktari. Wazee wa pale humwita mura, yaani kijana, kana kwamba bado anachunga ng'ombe. Saa ya kwanza nilidhani nimepoteza nauli, maana kazi yake haina cha kutazama: mtu ameketi, anamwangalia mtoto aliyelala. Nikabadili mawazo nilipojaribu mwenyewe.

Hesabu pumzi za mtoto wa miezi tisa uone. Tumbo linapanda, kifua kinashuka, hujui ufuate kipi. Anashtuka, pumzi tatu zinakuja kwa mkupuo. Anatulia, nawe unashika pumzi yako kwa hofu. Nilifika sekunde ya ishirini nikiwa nimepotea kabisa. Nikamuuliza kwa nini asihesabu robo dakika akazidisha kwa nne, kama wengi wafanyavyo na mapigo ya moyo.

"Mtoto si saa," akanijibu. "Anakimbia, anapumzika, anakimbia tena. Ukikosea pumzi mbili kwenye robo, umekosea nane kwenye dakika. Hizo nane ndizo zinazomtenganisha wa kurudi nyumbani na wa kupewa dawa."

Kichwani ana vipimo vitatu. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 kwa dakika, ni hatari. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, mpaka ni 50. Kuanzia mwaka hadi kabla ya miaka 5, ni 40. Yule wa kwenye benchi alikuwa na 54. Vipimo vya namna hii vimetokana sana na kazi ya daktari Frank Shann na wenzake huko Goroka, kwenye nyanda za juu za Papua New Guinea, ambao mwaka 1984 walichapisha walichojifunza kwa watoto wa pale: kwamba hata pasipo na picha ya eksirei, kasi ya pumzi na kubonyea kwa kifua vinaweza kukuonyesha mtoto anayehitaji dawa na yule anayehitaji kitanda. Shirika la Afya Duniani likaichukua elimu hiyo na kuieneza. Goroka ni nchi ya milima, ya baridi, ya nyumba zenye moto ndani. Nadhani Mkurya wa Nyamwaga, hapa Tarime, angejiona yuko kwao.

Sababu ya pumzi kwenda mbio iko chini sana, jicho halifiki. Hewa huingia puani, ikapata joto na unyevu na kuchujwa, ikapita zoloto na kushuka kwenye bomba lake. Bomba hilo hugawanyika mawili, kisha kila tawi mawili tena, kiasi cha mara 23, hadi kwenye vifuko vya hewa ambavyo kwa mtu mzima hupita milioni 300. Ukivitandaza vyote utapata eneo la kama mita za mraba 70, sakafu ya nyumba nzuri ya familia, iliyokunjwa ikaenea kifuani. Ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, na damu hupita hapo kwa muda usiofika sekunde moja, ikishusha hewa chafu na kupakia oksijeni. Mapafu yenyewe hayana msuli wa kuvutia hewa. Kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ndicho kinachoshuka, mbavu zikapanuka, nayo mapafu yakafuata.

Nimonia inapoingia, vifuko hivyo hujaa majimaji na usaha. Pafu huwa gumu. Mtoto hawezi tena kuvuta hewa nyingi mara moja, basi huvuta kidogo mara nyingi. Hali ikizidi, kiwambo hukaza hadi mbavu zake laini za chini zinashindwa kuhimili, na kifua huingia ndani pale ambapo kingetakiwa kutoka. Hapo nilielewa siri ya benchi. Mwanga wa dirishani humpiga mtoto kwa ubavu, na kifua kikibonyea hutupa kivuli chembamba chini ya mbavu. Kwenye meza yake, chini ya taa, kivuli hicho kisingeonekana. Hakuna aliyemfundisha, alisema. Aliwahi kuhamisha benchi kwa sababu paa lilivuja.

Kwa watu wazima hutumia vidole. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto hulala katikati ya mbavu mbili, na kile cha kulia hukigonga mara mbili, kifundo cha mkono kikiwa kimelegea. Juu ya hewa, mlio hurudi mtupu na mwepesi. Juu ya ini huwa mzito. Juu ya maji yaliyojaa pembeni ya pafu huwa kama unagonga jiwe. Mama yeyote wa hapa aliyewahi kugonga kibuyu ajue maziwa yamefika wapi anaujua ufundi huu kwa nusu. Daktari Leopold Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni mjini Graz, Austria, inasimuliwa aliuokota kwenye mapipa ya mvinyo ya babake. Aliuandika mwaka 1761, na wengi hawakumjali, hadi daktari Corvisart wa Paris alipokitafsiri kitabu chake mwaka 1808.

Baada ya kugonga ndipo husikiliza. Kifaa chake cha kusikilizia hukipasha joto kwanza kwenye kiganja, maana chuma cha asubuhi ya Tarime humfanya mgonjwa ashike pumzi. Huanza mgongoni, kushoto, halafu kulia mahali palepale, kisha hushuka hatua moja. Hasikilizi pafu moja likaisha ndipo aende la pili. Kila sauti anaipima kwa ndugu yake wa upande wa pili. Kifaa hicho kina babu yake: mwaka 1816, daktari Laennec wa Paris, akiona haya kuweka sikio kifuani pa mwanamke kijana, aliviringisha karatasi na kushangaa kwamba anasikia vizuri zaidi. Miaka 10 baadaye alikufa kwa kifua kikuu, ugonjwa alioutegea sikio kuliko yeyote wa zama zake.

Aliniwekea kifaa masikioni. Nimonia ilikuwa kama mtu anayekanyaga majani makavu ya mgomba, mbali kidogo. Pumu ilikuwa mluzi, na ulisikika zaidi hewa ilipotoka, kwa kuwa mirija iliyobana huruhusu hewa iingie kisha huigomea isitoke. Nikamwambia sauti ya pumu inatisha.

"Inayotisha ni ile usiyoisikia," akasema. Mgonjwa wa pumu aliyekuwa akipiga mluzi, kisha kifua kikanyamaza huku yeye bado anahangaika, hajapona. Hewa haipiti tena. Kwa ukimya huo tabibu huacha kila kitu na kukimbilia oksijeni. Mwanagenzi, alisema, husikia kimya akafurahi.

Siku ya pili alikuja kijana kutoka upande wa Nyamongo, ana kikohozi cha miezi miwili na suruali imemlegea kiunoni. Tabibu hakugusa kifaa. "Unafanya kazi gani, mura?"

"Karasha."

"Mwaka wa ngapi?"

"Wa sita."

Aliandika hayo kabla ya kitu kingine. Karasha husaga mawe ya dhahabu, na mawe hayo yana silika. Vumbi unaloliona likicheza kwenye mwanga wa jua si adui mkubwa. Pua na ute hulinasa. Lile dogo, la chini ya sehemu 5 za elfu ya milimita, hushuka hadi kwenye vifuko. Chembe za ulinzi hulimeza, zikafa, na mahali zilipofia hubaki kovu. Kovu haliondoki. Silikosisi haina tiba. Huweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha mgodi, na humfungulia mlango kifua kikuu. Tabibu aligonga, akasikiliza kwa muda mrefu, akavua kifaa. Hakusikia la maana. Makovu ya mwanzo hayana sauti. Nilimpenda zaidi kwa namna alivyolikubali hilo bila kujitetea, akaandika barua ya eksirei na ya kipimo cha makohozi.

Ufundi wa makohozi niliuona ng'ambo ya Mto Mara, mjini Mugumu, wilayani Serengeti, kwa mama wa maabara aliyezeekea kwenye hadubini. Huanza nje, juani. Husimama upande upepo unakotoka, akamfundisha mgonjwa kuvuta pumzi ndefu mara mbili na kukohoa kutoka chini kabisa. Akiona mate matupu kwenye kikopo, hurudisha kwa upole: "Baba, hii ni ya mdomoni. Nataka ya kifuani." Makohozi hupakwa kwenye kioo, na kuna jaribio la zamani analolipenda: pako likikauka, liinue juu ya gazeti, usipoweza kusoma herufi, umepaka zito. Kisha rangi nyekundu, na moto chini yake hadi mvuke upande, lakini isichemke. Kisha asidi, ambayo hufuta wekundu kwenye kila kitu isipokuwa vijidudu vya kifua kikuu, vyenye ngozi ya nta. Kisha bluu. Ndipo hutembeza macho kwenye maeneo 100 ya kioo kabla ya kusema hakuna. Nilichungulia. Vijiti viwili vyekundu, vimejikunja kidogo kwenye bahari ya bluu.

Siku hizi ipo mashine ya jeni inayojibu kwa saa mbili hivi na kusema pia kama dawa kuu ya rifampisini itafanya kazi. Mama huyu anaiheshimu. "Lakini ukiipa mate," alisema, "itakujibu habari za mate." Bado huwapeleka wagonjwa juani.

Tanzania ina historia kwenye kupambana na kifua kikuu. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na Karel Styblo, daktari Mcheki aliyeupata ugonjwa huo akiwa mfungwa wa Wanazi huko Mauthausen, alifanya kazi na Watanzania kuthibitisha kwamba hadubini, dawa za muda mfupi na mtu wa kusimamia unywaji wake vinatosha kumponya mkulima wa kijijini. Dunia nzima ikaiga.

Nilirudi Tarime siku ambayo mtoto wa benchi alitakiwa kuonwa tena. Mama yake alikuwa amehamishia upishi nje, chini ya mti, mtoto asikae na moshi. Mama mkwe alinung'unika, lakini akakubali. Tabibu alihesabu akapata 46. Hakuandika. Mtoto alikuwa ananyonya, na anayenyonya hudanganya bila kukusudia. Tulisubiri ashibe, asinzie, mdomo uachie. Akahesabu upya: 38.

Mimi nilihesabu kando yake, nikapata 43. Akanipa saa yake, akasogea ili nikae mahali pake, karibu na dirisha.