Nipe Mji: Hadhi ya Anayeshindwa katika Utegaji wa Vitendawili vya Kiswahili

Ikisiri

Uhakiki wa vitendawili umejishughulisha na fumbo na jibu lake kuliko na mtu aliyeshindwa kulitegua. Makala haya yanachunguza "mji", yaani fidia ambayo hadhira humpa mtegaji inapokiri kushindwa. Yanadai kwamba mji ndio unaoufanya mchezo huu kuwa njia ya kurithisha maarifa, wala si pambano tu la werevu. Aidha, yanaonyesha kwamba ufundishaji wa darasani umeubakiza mji kama istilahi na kuuacha kama tendo, na kwamba hasara ya jambo hili ni kubwa zaidi katika nchi ambako Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu kwa wanafunzi walio wengi.

1. Swali lililoachwa

Fasili za kitendawili katika vitabu vya fasihi simulizi hukaribiana sana: ni fumbo fupi, lenye sitiari, linalotegwa na mmoja na kuteguliwa na mwingine. Uchambuzi hufuata mkondo huo huo. Huainisha vitendawili kwa maudhui, hutazama tamathali zake, kisha huorodhesha dhima: kunoa bongo, kuburudisha, kuwafunza watoto mazingira yao. Hakuna lililo la uongo katika hayo. Hata hivyo, yote humchukulia mteguaji kana kwamba siku zote hutegua. Barazani mambo huwa vingine. Mtegaji stadi hushinda mara nyingi, na hiyo ndiyo sababu ya kuitwa stadi. Utanzu ambao sehemu kubwa ya utendaji wake ni watu kushindwa hauwezi kuelezwa kikamilifu kwa nadharia ya ushindi peke yake. Yafaa kuuliza: aliyeshindwa huondoka na nini?

2. Utaratibu wa kushindwa

Mfano mmoja unaojulikana na takriban kila msemaji wa Kiswahili unatosha. Mtegaji huita: "Kitendawili!" Hadhira huitika: "Tega!" Naye hutega: "Nyumba yangu haina mlango." Majibu huanza kumiminika. Mmoja husema kaburi, mwingine husema kibuyu. Mtegaji huyakataa. Majibu yakiisha, hudai: "Nipe mji." Hadhira hushauriana na kumtajia mmoja, tuseme Mombasa. Anaweza kuupokea au kuukataa na kutaka mwingine ulio mkubwa au wenye neema zaidi. Akiridhika, husimulia safari yake: alifika Mombasa, akalakiwa kwa shangwe, akala, akanywa, akapewa kila alichotaka. Hapo ndipo hutaja jibu: yai. Maneno ya mwito na urefu wa masimulizi hutofautiana mahali na mahali, lakini hatua ni hizo.

Mambo matatu katika utaratibu huu yanastahili kuangaliwa kwa makini. Kwanza, kushindwa hakutangazwi na mshindi wala na mwamuzi. Hutamkwa na wenyewe walioshindwa, kwa tendo la kutoa. Anayetoa mji huwa amejivika, japo kwa kitambo, hadhi ya mwenye mji, kwani mtu hatoi asichokuwa nacho. Pili, fidia yenyewe ni ya kubuni. Mombasa haipungukiwi na nyumba hata moja, na aliyeitoa halali njaa. Mchezo umeweka bei ya juu kabisa, mji mzima, kwa sarafu isiyomgharimu mtu chochote. Tatu, na hili ndilo kubwa, mji ni malipo ya jibu. Mtegaji aliyeupokea hana ruhusa ya kuondoka na siri yake. Akifanya hivyo, baraza litamwona mdanganyifu.

Hapa pana kinaya ambacho uhakiki umekipita. Kitendawili kilichofichuliwa hakiwezi tena kutegwa mbele ya watu wale wale. Kwa hiyo mtegaji, katika kushinda kwake, huikabidhi silaha yake kwa aliowashinda. Kesho mtoto aliyeutoa mji atasimama mbele ya wenzake wa kitongoji kingine na kuita "Kitendawili!" kwa nyumba ile ile isiyo na mlango. Atakayetegua papo hapo hupata sifa, lakini huenda asijifunze kitu, maana jibu alikuwa nalo tangu mwanzo. Anayejifunza ni aliyeshindwa. Kwa kipimo cha urithishaji, kushindwa ndiko kunakozaa matunda.

3. Mtegaji stadi na haki ya jibu

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba baraza ni mahali pasipo dhuluma. Kaburi nalo ni nyumba isiyo na mlango, na pengine ni jibu lenye uzito kuliko yai. Anayelitaja hushindwa kwa kuwa jamii ilikwisha kukubaliana juu ya jibu jingine, si kwa upungufu wa fikira. Ustadi wa mtegaji basi una pande mbili: ujuzi wa kuona mfanano ambao wengine hawauoni, na mamlaka ya kukataa mifanano ambayo wengine wameiona. Pande hizo mbili zikichanganywa, umri na cheo huweza kujificha nyuma ya werevu.

Pingamizi hili lina nguvu, na makala haya hayakusudii kulipuuza. Linalolipunguza makali ni kwamba mamlaka ya mtegaji hutekelezwa hadharani. Jibu linapotajwa, wote huweza kulipima dhidi ya fumbo, na jibu dhaifu humshushia mtegaji heshima. Kuna nafasi ya kubishana, kucheka, hata kumwambia mtu kwamba kitendawili chake hakina maana. Mji hulipwa kwa matarajio ya jibu linaloridhisha, nalo deni hilo huonekana na kila mtu.

4. Bei ya kushindwa kwingineko

Upekee wa mji huonekana zaidi unapolinganishwa na mapokeo mengine. Johan Huizinga, katika Homo Ludens ya mwaka 1938, alionyesha jinsi mashindano ya mafumbo katika tamaduni kadhaa za kale yalivyofungamana na hatari ya kifo. Katika visasili vya Wayunani, Sphinx huwaua wasafiri wanaoshindwa kulitegua fumbo lake, na Oidipus anapolitegua ni Sphinx mwenyewe anayeangamia. Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 14, Samsoni anawategea Wafilisti kitendawili kwa dau la mavazi. Wanamtisha mkewe ili awapatie jibu, na Samsoni analipa dau hilo kwa mavazi ya watu 30 aliowaua Ashkeloni. Katika simulizi zote mbili, jibu likishajulikana uhusiano huvunjika. Katika baraza la Kiswahili, jibu likishajulikana hufuata kitendawili kingine.

Waswahili wenyewe waliujua pia ushindani wa maneno ulioandamana na hatari halisi. Mashairi yaliyorushiana washairi wa Mombasa na Lamu wakati wa Vita vya Kuduhu, mwanzoni mwa karne ya 19, yalihusu miji iliyokuwepo na watu waliokufa. Muyaka bin Haji alisimama upande wa Mombasa, Zahidi Mngumi upande wa Lamu, na Mombasa pamoja na washirika wake wa Pate walishindwa vitani. Hata hapo kuna jambo la kuzingatia. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walipoyahariri mashairi hayo mwaka 1995, waliyachapisha ya pande zote mbili kama mazungumzo mamoja. Shairi la jibu halieleweki bila shairi linalojibiwa, hivyo anayemshinda mwenzake kwa ubeti analazimika kuuhifadhi ubeti wa mwenzake. Kama ilivyo kwa mji, utanzu wenyewe humzuia mshindi asimfute aliyeshindwa.

5. Darasani na kwenye simu

Vitabu vya kiada huutaja mji. Mwanafunzi hufundishwa kwamba ni hatua mojawapo ya uwasilishaji, naye huikariri. Lakini katika zoezi linalofuata huwekewa orodha ya mafumbo na nafasi za kujaza. Akiandika jibu lisilokubaliwa hupoteza alama, na mchezo huishia hapo. Hakuna anayemdai mji, na hakuna anayewiwa naye jibu. Aliyeandika "kaburi" hakupewa fursa ya kujitetea wala kusikia kwa nini "yai" lilipendelewa. Darasa limechukua mamlaka ya mtegaji na kuliacha deni lake.

Michezo ya maneno ya kibiashara inatoa funzo jingine. Mwaka 2015, Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa ilhali hakuwa msemaji wa lugha hiyo. Alikuwa amekariri orodha ya maneno yanayoruhusiwa. Ni ustadi wa kustaajabisha, na washindani wake walishindwa kihalali. Lakini katika mchezo wa namna hiyo neno ni umbo tu, na anayeshindwa hadaiwi wala hadai maelezo. Wanaopendekeza programu za simu za kukuza Kiswahili wanapaswa kuamua mapema ni mfano upi wanaoufuata. Kuhesabu alama na sekunde ni rahisi. Kubuni hatua ambayo aliyekosa huitumia kununua maarifa ni kazi ngumu zaidi, na ndiyo yenye asili katika utamaduni wenyewe.

Suala hili lina uzito wa kisera. Rwanda iliifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha ufundishaji wake uwe wa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maelfu ya wanafunzi wa nchi hizi hukutana na Kiswahili wakiwa tayari wameshindwa: mbele ya mwalimu, mbele ya redio, mbele ya jirani aliyelelewa katika lugha hiyo. Kila upatanisho wa ngeli unaowaponyoka ni kitendawili kilichowashinda. Wakichekwa bila kupewa jibu, hunyamaza, na lugha hukosa msemaji. Si wageni wa mchezo wenyewe. Mtoto wa Rwanda anajua kuwa "Sakwe sakwe" huitikiwa "Soma", na wa Buganda anajua kuwa "Koyi koyi" huitikiwa "Lya". Barazani wanajua kuketi. Kinachokosekana ni darasa linaloketi hivyo.

6. Hitimisho na mapendekezo

Mapendekezo matatu yanafuata kutokana na uchambuzi huu. Mosi, tathmini ya fasihi simulizi itenge alama kwa utendaji wa mzunguko mzima, ikiwemo namna mwanafunzi anavyotoa mji na mtegaji anavyosimulia safari. Masimulizi hayo ni zoezi la ufasaha ambalo halihitaji mtu awe ameshinda. Pili, watafiti wanaorekodi vitendawili wahifadhi pia majibu yaliyokataliwa, kwa sababu ndiyo yanayoonyesha jinsi hadhira inavyofikiri na mahali mapatano ya jamii yanapoanza kubadilika. Tatu, miongozo ya walimu katika nchi zinazopanua ufundishaji wa Kiswahili imtake mwalimu anayekataa jibu aeleze sababu mbele ya darasa, naye mwanafunzi apewe nafasi ya kulitetea. Pendekezo hili la mwisho halihitaji bajeti wala vitabu vipya. Linahitaji mwalimu akumbuke kwamba, kila mwanafunzi wake anapokiri kushindwa, yeye ndiye anayebaki na deni.