Azimio Si Amri: Uhakiki wa Istilahi za Usanidi wa Makontena

Istilahi za kompyuta zinaingia katika Kiswahili kwa wingi, na nyingi kati yake ni majina ya vitu. Jina la kitu likikosewa, hasara yake si kubwa sana. Asemaye kompyuta, asemaye ngamizi na asemaye tarakilishi wataelewana mara watakaposimama mbele ya chombo chenyewe. Lakini ziko istilahi ambazo hazitaji kitu bali namna ya kufikiri. Hizo hazina chombo cha kuzisahihisha. Zikikosewa, kosa huingia katika kazi bila kuonekana. Katika makala haya tumekusudia kuhakiki kundi moja dogo la istilahi za aina hiyo, nazo ni zile zihusuzo zana za kusanidi makontena ya programu, hususan zana iitwayo kubectl.

Jambo lenyewe

Kontena, kwa mintarafu ya kompyuta, ni programu iliyofungwa pamoja na vyote inavyohitaji, ili iweze kuendeshwa katika mashine yoyote bila kutengenezwa upya. Neno hili limetoka bandarini, na kwa kuwa bandari zetu zimekwisha lizoea, halitupi taabu. Makontena yakiwa machache, mtu mmoja aweza kuyasimamia kwa mkono. Yakiwa mamia, yaliyotawanyika katika mashine nyingi, pahitajika mfumo wa kuyaongoza. Mfumo utumikao zaidi leo ni Kubernetes, uliotangazwa na kampuni ya Google mwaka 2014, na toleo lake la 1.0 likatoka Julai 2015. Jina hilo ni la Kigiriki, na maana yake ni msukani, mtu ashikaye usukani wa chombo.

Fundi husema na mfumo huu kwa kuandika maneno katika mstari wa amri, akitumia kubectl. Ziko njia mbili kuu za kusema nao. Njia ya kwanza ni kuuambia la kufanya: anzisha hiki, ongeza kile, futa kile kingine. Njia ya pili ni kuandika katika faili hali inayotakiwa, mathalani kwamba nakala za programu fulani ziwe tatu, kisha kuukabidhi mfumo faili hilo kwa neno "apply". Mfumo hulinganisha yaliyoandikwa na yaliyopo. Ukikuta nakala mbili, huanzisha moja. Ukikuta nne, huzima moja. Ukikuta tatu, hauzigusi. Tena usiku wa manane mashine ikiharibika na nakala moja ikapotea, mfumo huanzisha nyingine bila kungoja kuambiwa.

Tofauti iliyopo ni kubwa. Amri huisha pale inapotimizwa. Hali iliyoandikwa hudumu, na mfumo hurudi kwayo kila mara, kama msukani aliyekwisha pewa mwelekeo na nahodha: upepo ukimsukuma kushoto hurudisha chombo, ukimsukuma kulia hurudisha chombo, wala nahodha hana haja ya kumwamuru kila wimbi.

Tafsiri tatu na kasoro zake

Waingereza huziita njia hizi kwa majina yaliyotoka katika sarufi. Ya kwanza ni "imperative", hali ya kuamuru, na ya pili ni "declarative", ambalo ni jina la sentensi ya taarifa. Kwa ya kwanza hatuna ugomvi: usanidi wa amri ni jina lifaalo. Taabu yetu ni ya pili. Tumekutana na tafsiri tatu, nazo ni usanidi wa tangazo, usanidi wa tamko na usanidi wa taarifa.

Tangazo ni habari itolewayo kwa watu wote. Faili hili halitangazwi kwa yeyote. Aghalabu hutunzwa kwa siri. Mfasiri aliona neno la Kiingereza, akakumbuka maana yake ya kwanza katika kamusi, akaishia hapo. Tamko ni afadhali kidogo, kwa sababu lina uzito wa kauli rasmi. Hata hivyo, tamko hukamilika likisemwa. Serikali yaweza kutoa tamko la kulaani jambo, na hapana kazi yoyote inayofuata.

Tafsiri ya tatu, ya taarifa, ndiyo inayofanana zaidi na sarufi, na ndiyo yenye hatari zaidi. Taarifa hueleza yaliyopo au yaliyokwisha tendeka. Sasa tazama jinsi Kubernetes inavyohifadhi kumbukumbu za vitu vyake. Vitu vilivyo vingi vina sehemu mbili. Sehemu iitwayo spec huandika hali inayotakiwa, na huandikwa na mtu. Sehemu iitwayo status huandika hali iliyopo, na huandikwa na mfumo wenyewe. Taarifa, basi, ni hiyo ya pili. Tukiliita faili la fundi kuwa la taarifa, tumeipa sehemu ya kwanza jina la sehemu ya pili, na tumefuta kwa neno moja tofauti ambayo mfumo mzima umejengwa juu yake.

Asitokee mtu akasema kwamba huu ni ubishi wa wanaistilahi. Tuchukue mfano wa ofisi ya umma ambamo programu ya kuonyesha matokeo ya mitihani imeandikwa katika faili kuwa na nakala tatu. Siku ya matokeo watu huwa wengi, na fundi huongeza nakala kwa amri ya moja kwa moja hadi sita. Huduma hutulia. Faili lingali lasema tatu. Fundi aliyefundishwa kwamba faili ni taarifa hatashtuka, kwani taarifa iliyopitwa na wakati huandikwa upya baadaye. Saa mbili baadaye mwenzake anabadilisha jambo jingine dogo katika faili lile lile na kulikabidhi tena kwa "apply". Mfumo huona tatu, hukuta sita, huzima tatu, na wananchi hukuta mlango umefungwa. Aliyefundishwa kwamba faili ndilo linaloamua hali ya mfumo angelibadilisha faili kwanza. Maelezo rasmi ya Kubernetes yenyewe huonya kwamba kitu kimoja kisimamiwe kwa njia moja tu, wala njia hizi zisichanganywe. Onyo hilo halitafahamika kwa Kiswahili iwapo majina ya njia hizo hayatofautishi jambo lolote.

Pendekezo letu

Tukirudi katika sarufi ya Kiswahili, twaona kwamba lugha yetu imekwisha tenga mambo matatu. "Ongeza moja" ni amri. "Ziko tatu" ni taarifa. "Ziwe tatu" si amri kwa mtu fulani wala si taarifa. Ni hali tegemezi, yenye kiishio -e, nayo hutaja jambo linalotakiwa liwe. Faili la fundi limo katika hali hii ya tatu. Jina la Kiingereza halikuweza kuionyesha. Hapana sababu ya sisi kurithi upungufu huo.

Neno tunalolipendekeza ni azimio. Asili yake ni Kiarabu, na kiini chake ni kukata shauri juu ya jambo litakalofanywa. Mwaka 1967 hati iliyojulikana kwa Kiingereza kama Arusha Declaration ilijulikana kwa Kiswahili kama Azimio la Arusha. Haikuitwa tangazo wala taarifa, kwa kuwa haikueleza nchi ilivyokuwa bali ilivyotakiwa iwe, na utekelezaji ukafuata. Walimu nao wanalo neno hili mikononi kila muhula: azimio la kazi, au maazimio ya kazi kama wasemavyo Kenya, huandika yatakayofundishwa, ilhali yaliyokwisha kufundishwa huandikwa mahali pengine. Mwalimu hawezi kuzichanganya hati hizo mbili. Fundi wa kompyuta naye asilazimishwe kuzichanganya za kwake.

Azimio likikubaliwa, maneno mengine hujipanga yenyewe. Neno "apply" limekuwa likifasiriwa kuwa tumia, na mara nyingine omba, kana kwamba faili linaomba kazi. Azimio hutekelezwa, kwa hiyo "apply" ni tekeleza. Ni kweli kwamba wengi husema kutekeleza amri au programu. Twashauri programu na amri ziendeshwe, na kutekeleza kubakie kwa azimio. Vilevile faili lenyewe, liitwalo "manifest" kwa kuigwa makaratasi ya meli, limewahi kuitwa ilani, kwa kuchanganywa na neno jingine linalofanana nalo, na pia hati ya shehena. Hati ya shehena huorodhesha mizigo iliyomo chomboni. Hii yetu yasema mizigo gani iwemo. Kosa ni lile lile la taarifa. Tuiite hati ya azimio.

Pingamizi

Yaweza kusemwa kwamba azimio ni neno la mikutano na siasa. Jibu letu ni kwamba azimio la kazi halina siasa, na limekaa shuleni kwa amani. Yaweza kusemwa pia kwamba "apply" yenyewe huandikwa katika mstari wa amri, hivyo yote ni amri. La hasha. Amri ni ile ya kukabidhi. Kinachokabidhiwa ni azimio. Tarishi akiamriwa kupeleka barua, barua haigeuki kuwa amri.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi. Hati ya kitu kizima ikiondolewa katika jalada, "apply" ya kawaida haikifuti kitu hicho. Pahitajika kuagizwa waziwazi. Basi azimio hapa halisemi lolote juu ya lisilotajwa. Twakubali, na twasema kwamba hivyo ndivyo yalivyo maazimio yote: kutotajwa si kufutwa. Jambo hili lielezwe katika miongozo, wala lisitafutiwe istilahi ya pekee.

Muhtasari wa mapendekezo

Usanidi wa amri: kuuelekeza mfumo kwa kuuambia tendo moja moja.
Usanidi wa azimio: kuuelekeza mfumo kwa kuuandikia hali inayotakiwa.
Hati ya azimio: faili lenye hali hiyo.
Kutekeleza azimio: kuukabidhi mfumo hati ili ulinganishe na kurekebisha.
Hali iliyoazimiwa: iliyomo katika sehemu ya spec.
Taarifa ya hali: iliyomo katika sehemu ya status.

Kuhusu zana nyingine mbili zitumikazo sana, Helm na Kustomize, majina yake ni ya watengenezaji, nayo yaachwe yalivyo. Kwa Helm, ambayo hujaza thamani katika hati zilizoachwa na nafasi, neno kiolezo latosha. Kwa Kustomize, iliyounganishwa na kubectl tangu toleo la 1.14 la mwaka 2019, na ambayo huongeza mabadiliko juu ya hati bila kuigusa ile ya asili, maneno msingi na tabaka yafaa.

Twawaomba wafasiri na walimu wayajaribu mapendekezo haya katika miongozo na madarasa yao, na watuandikie pale yatakapowakwamisha, wakitaja sentensi yenyewe iliyowakwamisha.